Duka la Mama Cheko

Wapo watu ambao kukikucha hutangulia kufumbua macho, na wapo ambao hutangulia kufumbua mdomo. Mama Cheko alikuwa wa hawa wa pili. Kope zingali zimelaliana, yeye tayari keshatamka neno, na neno lake la kwanza miaka yote lilikuwa lilelile, likiruka kutoka kitandani hadi upande wa pili wa pazia alikolala binti yake:

"Meneja! Duka halijafunguliwa na wateja wameshajaa!"

Meneja ndiye binti mwenyewe, mtoto wa pekee. Jina lake halisi walilijua walimu tu. Nyumbani, mtaani na kule kwenye tanuri la mikate aliitwa Meneja, tangu enzi za kujikwaa kwenye pindo la gauni lake. Na duka lilikuwa mikono ya mama yake.

Ugonjwa ulikuwa baridi yabisi. Si ile ya wazee wanaoisikia mvua magotini kabla haijanyesha. Hii ilikuwa ile inayomjia mtu angali kijana, ikakaa kama shemeji aliyesema atalala siku mbili tu. Ilimwingia Mama Cheko mtoto akiwa bado ananyonya, na baba wa mtoto akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Mchana ilimwachia pumzi. Usiku ilirudi, ikavikunja vidole kimoja kimoja na kuvikaza, hata kukipambazuka mikono yote miwili ilikuwa ngumi zilizovimba, kama za mtoto aliyeficha peremende na kukataa kuonyesha.

Kuzifungua ngumi hizo ndiyo ilikuwa kazi ya Meneja. Alichemsha maji, akayapooza mpaka kiwiko kikayavumilia, akatia chumvi, akaweka beseni juu ya kigoda. Lilikuwa beseni la bati la rangi ya samawati, limebanduka ukingoni kwa kuanguka. Mama aliketi kitandani, mikono imezama hadi vifundoni, na binti alipiga magoti mbele yake akivisugua vidole taratibu, kuanzia shina hadi ncha. Kila kidole kilikuwa na cheo. Gumba lilikuwa mlango wa mbele. Vitatu vya katikati vilikuwa madirisha. Kidole cha mwisho kilikuwa stoo, na stoo ndiyo iliyokuwa korofi kuliko vyote.

"Mlango wa mbele vipi?"

"Umekwama, mama."

"Usivunje kitasa. Ubembeleze. Mlango ni kama mwanamume, ukiusukuma kwa hasira unabana zaidi."

"Mama! Jirani anasikia."

"Asikie. Wa kwake umebana tangu juzi."

Na kweli kutoka upande wa pili wa ukuta ilisikika sauti ya yule jirani waliyemwita Mama wa Ukutani, ikiwa na usingizi na kicheko: "Nimekusikia, mlemavu wee!"

"Mlemavu wa vidole, dada! Ulimi mzima!"

Kidole kimoja kikaachia, kikafuata cha pili. Maumivu yalikuwepo, tena makali. Meneja aliyaona kwenye mshipa mmoja shingoni mwa mama yake, uliosimama kila kiungo kilipogutuka. Mdomo unasimulia habari za mfalme aliyevaa kanzu kinyume, na mshipa unasimulia habari zake. Mtoto alijifunza kusikiliza hadithi zote mbili kwa pamoja. Stoo ilipofunguka, mama aliinua mikono yote miwili juu, maji yakichuruzika hadi kwapani, akatangaza kwa sauti ya mnadani, "Karibuni wateja!" Kisha akafunga vifungo vya gauni lake mwenyewe, akafunga kilemba, akaondoa komeo la mlango, akaenda kazini.

Kazi yake ilikuwa kukanda unga katika tanuri la mikate lililokuwa mwisho wa mtaa, baada ya fundi baiskeli. Watu walishangaa. Mtu mwenye vidole vile, kukanda? Lakini yeye alisema mikono yake haikuwa na rafiki kuliko donge lililoanza kuumuka. "Weka mkono uone," alimwambia binti yake siku za likizo, alipomchukua kazini. Meneja akaweka. Donge lilikuwa na joto la mtoto aliyelala. Lilikubali kidole kikaingia, likakisindikiza kikatoka. "Unaona? Mimi namkanda huyu, na huyu ananikanda mimi. Hakuna anayemdharau mwenzake."

Mkubwa wa pale alikuwa mwanamume mpana, nyusi zimeungua kwa moto, aliyeitwa Tanuri kwa sababu alikuwa na joto ndani na giza usoni. Hakuwa mtu wa maneno. Alifanya kazi na beleshi lake refu la mbao, akiingiza mikate na kuitoa, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka ila Mama Cheko. Yeye alisema hucheka kwa mgongo.

"Mtazame," alimnong'oneza binti, akinyunyiza unga mezani. Kisha kwa sauti: "Mzee Tanuri, jana nimeota umeoa."

Beleshi likaingia, likatoka.

"Mkeo alikuwa mkate. Ulikuwa unamwambia, mpenzi, umeungua upande mmoja."

Tanuri hakugeuka. Lakini mgongo, kweli, ukatikisika.

Hivyo ndivyo alivyopata jina la Mama Cheko. Wenzake walimpa, na yeye alilivaa kama aproni, kila siku, na kulifua jioni.

Hata hospitali alikwenda nalo. Daktari kijana mmoja, mwenye kalamu sikioni, aliwahi kumwuliza maumivu yake ni makubwa kiasi gani. Mama Cheko alifikiri kidogo.

"Daktari, inategemea nani anauliza. Ukiuliza wewe, ni makubwa, ili unipe dawa. Akiuliza bosi, ni ya wastani, nisifukuzwe. Akiuliza jirani, hayapo kabisa, asije akaketi."

Daktari alicheka hata kalamu ikaanguka. Dawa alizompa zilimvimbisha uso, ukawa duara na wenye kung'aa, na Mama Cheko alirudi nyumbani akajitazama kwenye kioo kidogo kilichotundikwa kwa msumari. "Loo! Hamira imekubali," akasema, akapita.

Lakini haitakuwa haki kumsifu kwa uongo. Siku moja hakucheka.

Meneja alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Aliporudi alimkuta mama yake kitandani mchana, amegeukia ukuta. Kazini alikuwa ameinua sinia la mikate lililojaa, mikono ikamsaliti katikati ya njia, na mikate yote ikamwagika kwenye mfereji wa maji machafu wa uani, unaoelekea mtoni. Hakuna aliyemgombeza. Tanuri mwenyewe alipiga magoti kuokota. Pengine hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Mama."

"Duka limefungwa, mwanangu. Leo hapana."

Mtoto alikaa kwenye ukingo wa kitanda asijue la kufanya. Alikuwa hajawahi kuliona duka likifungwa mchana. Mwisho akafanya alilolijua. Akatunga mzaha, wa kwanza maishani mwake, tena mbaya kabisa: akasema kesho samaki wa mtoni wataomba siagi, maana mkate wameshapata. Ule mfereji wa uani haukuwa na samaki, wala mtoni kwenyewe. Lakini aliona mabega ya mama yake yanatikisika. Akainama amwone usoni. Uso ulikuwa kwenye mto. Akasikiliza, sauti ilikuwa ya kukwama. Hakujua analia au anacheka. Alijua tu kwamba mambo hayo mawili hutumia mabega yaleyale. Akamwekea kiganja mgongoni, akakaa hivyo mpaka mabega yakatulia.

Kutoka siku hiyo hakudhani tena kwamba mama yake anacheka kwa kuwa hajui kuumia. Alicheka kama alivyokanda, kwa kuegemeza uzito wake wote.

Miaka ikasogea. Meneja akarefuka, akawa msichana wa kupenda mistari iliyonyooka. Uani kwenye tanuri la mikate alinyoosha kamba, akachora chaki, akapima kutoka mlango hadi kisima, akamwambia Tanuri kwamba ukuta wake wa nyuma umekaa upande. Tanuri akaufunika mlalo ule kwa magunia, asiuone tena. Alipomaliza shule aliomba nafasi chuo cha upimaji ardhi, katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mama Cheko aliposikia alijipiga paja.

"Hebu sikieni, jamani! Mama vidole vimepinda, mtoto anakwenda kusomea kunyoosha!"

Majibu yalikuja. Nafasi alikuwa amepata. Meneja aliyasoma barabarani, nje ya posta, mara mbili, na mara zote mbili furaha ilipanda hadi kooni ikakutana na beseni la samawati. Nani atachemsha maji? Nani atabembeleza stoo? Akaikunja barua. Aliporudi nyumbani alisema nafasi zimejaa, labda mwakani. Mama Cheko akamtazama kidogo, akasema pole mwanangu, mwakani si mbali, akarudi kuchambua mchele.

Uongo una miguu mifupi, na huu ulikamatwa kwenye foleni ya mkate. Mwalimu wa hesabu alikwenda kununua mkate, akampa Mama Cheko mkono wa hongera. Mama Cheko akashukuru kwa meno yote thelathini na mawili. Jioni alimngoja binti yake akiwa amekaa kwenye kigoda, hajavua aproni.

"Mwalimu wako kanunua mkate leo. Anasema nafasi hazijajaa. Yako iko wazi kama shimo la choo."

Meneja akainamisha kichwa.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nani atakufungua, mama?"

Nje, Mama wa Ukutani alikuwa anamwaga maji ya vyombo. Walisubiri wote wawili mpaka alipomaliza, kwa kuwa ukuta ule ulikuwa na masikio yake mwenyewe.

"Tuwekeane shindano," mama akasema. "Kuanzia kesho, mpaka siku ya basi lako, duka langu nafungua mwenyewe. Wewe usiniguse. Asubuhi hata moja ukinikuta na ngumi, umeshinda: unabaki, na mimi sitasema neno. Usiponikuta na ngumi, nimeshinda mimi, unakwenda. Na hutageuka nyuma."

"Huwezi, mama."

"Basi unaogopa nini? Kubali."

"Mama..."

"Kubali, Meneja. Au unaogopa kufutwa kazi?"

Akakubali. Alikubali kwa sababu alikuwa na uhakika wa kushinda; alizijua zile ngumi kuliko alivyozijua nyuso za wenzake darasani. Alilala akiwa ameshabaki.

Kulipokucha hakukusikika sauti ya kumwita. Akafunua pazia. Mama Cheko alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa, ameshika ufagio kwa mikono miwili, anafagia.

"Umeamka? Pisha mguu."

Meneja alitazama. Hakuona ngumi. Aliona mikono miwili imeushika mpini kama mikono ya watu wote duniani wanaofagia. Beseni lilikuwa limeegemezwa ukutani, kavu.

"Umefanyaje?"

"Siri ya biashara," mama akasema, akatoka mlangoni na ufagio wake, akifagia kibaraza, akifagia njia, mpaka akapotelea upande wa tanuri la mikate, ufagio mkononi.

Siku iliyofuata alikuwa na mwiko, anakoroga sufuria iliyofunikwa nusu. Siku nyingine alikuwa na ufagio tena. Siku nyingine ameshika kikombe chake kikubwa cha bati, amekikumbatia kwa viganja vyote viwili, anasimulia ndoto. Siku zote alikuwa ameshavaa, gauni jipya la kutumbukiza kichwani lisilo na kifungo hata kimoja, na mlango wa nje, ambao zamani ulifungwa kwa komeo, sasa uliegemezwa kiti. Meneja aliyaona hayo yote. Lakini mtu aliyeumia moyoni huona bila kuangalia, na Meneja alikuwa ameumia.

Ndiyo, ameumia. Alipaswa kufurahi. Badala yake, kila alipofunua pazia na kukuta mikono ina kazi, kitu fulani kilianguka ndani yake. Miaka yote ile ya magoti sakafuni, ya maji na chumvi, ya milango na madirisha. Kumbe ilikuwa mchezo tu wa kumridhisha mtoto? Kumbe mama alikuwa anaweza?

"Duka siku hizi ni la kisasa," Mama Cheko alisema asubuhi moja, mwiko mkononi. "Linajifungua lenyewe. Umefutwa kazi, Meneja."

"Anajifungua nani huko?" ikauliza sauti ya ukutani. "Nilete nepi?"

Mama Cheko akacheka hadi akaegemea meza. Meneja hakucheka. Alisema, "Vizuri, mama," akatoka nje kwenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Akaanza kufunga virago. Alifunga kwa hasira ya kimya, akikunja nguo mara nyingi kuliko inavyopasa. Mama yake alipomwuliza kama ameweka sweta, alijibu ameweka. Alipomwuliza kama amebakiza nafasi ya mkate wa njiani, alijibu atanunua. Waliishi siku za mwisho kama wapangaji wawili wenye heshima.

Asubuhi ya kuondoka aliamka mapema kuliko kawaida yake. Mama Cheko alikuwa kwenye kigoda, gauni la kutumbukiza, kilemba hajafunga, kikombe kwenye viganja.

"Chai ya leo ni tamu," akasema. "Kaa kidogo kabla ya safari."

"Nami ninywe," Meneja akasema, kwa kuwa hasira nayo huona kiu, akaenda jikoni, yaani ile pembe ya chumba iliyoitwa jiko.

Jiko lilikuwa baridi. Akagusa birika: baridi, na maji yake yamejaa hadi shingoni, hayajapungua tangu alipoyatia mwenyewe jana jioni. Alisimama pale, mkono juu ya birika. Kisha akageuka.

Akakitazama kikombe. Kilikuwa kikavu. Hakikuwa na tone, wala doa la chai. Na kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa mama yake, kutoka chini ya ukingo wa kiganja, palining'inia kipande cha kitambaa cha kilemba, kimefungwa fundo la meno, alichosahau au alichoshindwa kukitoa. Nacho kilikuwa kimezungushwa kwenye kikombe na kiganja pamoja.

Meneja akaona kila kitu kwa mara moja, kama mtu anayewashiwa taa chumbani. Akauona ufagio, mwiko, kikombe. Mama yake hakuwa amefungua ngumi hata siku moja. Alikuwa anakwenda kulala ameshika kitu, amejifunga nacho kwa meno yake, ili usiku ugonjwa uje uvikunje vidole kama kawaida yake, na alfajiri mtu aone mkono ulioshika, asione mkono uliojifunga. Ugonjwa ulimkunja, naye akauchagulia cha kukunjia. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya biashara.

Shindano alikuwa ameshinda yeye, Meneja. Alikuwa ameshinda tangu siku ya kwanza. Alichotakiwa kufanya ni kusema neno moja tu, *mama, weka kikombe chini*, na begi lingefunguliwa, sweta lingerudi sandukuni, beseni lingerudi juu ya kigoda. Angebaki. Hakuna aliyetaka kubaki kuliko yeye, dakika ile. Na mama yake alikuwa ameahidi kutosema neno, naye angetimiza; angecheka tu, miaka na miaka, kwenye maji ya chumvi, akijua kile kikombe kilikuwa cha bure.

Mshipa wa shingoni mwa Mama Cheko ulikuwa umesimama.

Meneja akawasha jiko.

Alisubiri maji yachemke. Hayakuchemka upesi, maji ya mtu anayesubiriwa na basi hayachemki upesi. Yalipochemka alitia majani na sukari, akaliacha birika kidogo lipoe, akaja nalo, akapiga magoti mahali pale alipozoea kupiga magoti, palipokuwa pamelainika kwa magoti yake mwenyewe.

"Hiyo ya kwanza imeisha, mama," akasema. "Ngoja nikuongezee."

Akamimina. Taratibu, kikombe kikiwa palepale mikononi, hadi juu. Mvuke ukapanda kati ya nyuso zao. Bati likashika joto, joto likapita kwenye viganja, na Meneja hakugusa kidole hata kimoja, kwa kuwa ndiyo masharti. Alikaa tu akitazama. Baada ya muda gumba la kulia likasogea. Mlango wa mbele. Kisha dirisha moja.

"Tamu?" akauliza.

"Ya pili," mama akasema, "daima huwa tamu kuliko ya kwanza."

Alipoondoka, Mama Cheko alisimama kibarazani, kikombe mkono mmoja, mkono mwingine wazi, akiupunga. Aliupunga hadi Meneja alipopinda kona ya fundi baiskeli. Meneja aliona, kwa kuwa aligeuka nyuma. Sharti hilo moja alilivunja.

Akasoma. Akawa mpimaji. Alipanda milima na chombo chake cha miguu mitatu, akanyoosha mipaka ya watu waliokuwa hawasemeshani, na alipokwama kati ya ndugu wawili wanaogombea upana wa unyayo, aliwatupia mzaha wa mama yake, nao wakalainika. Kila likizo alirudi. Beseni likarudi juu ya kigoda siku hizo za likizo, bila maelezo, kama mchezo wanaoupenda wote wawili. Juu ya kikombe hakuna aliyefungua mdomo. Kuna mambo katika familia ambayo yakisemwa yanapungua.

Mikono ilizidi kukataa. Ilipokataa kukanda, Tanuri alimhamishia dirishani kuuza, na foleni ikawa ndefu kuliko zamani, maana wengine walikuja kununua mkate mmoja na kusikiliza kwa saa nzima. Magoti nayo yakafuata mikono. "Sasa naendeshwa," alimwambia binti yake kwenye simu, baada ya kupata kiti cha magurudumu. "Tanuri ndiye dereva. Hana leseni." Mama Cheko aliondoka duniani mchana wa kawaida, katikati ya kisa, na waliokuwepo wanasema mpaka leo hawajui yule mfalme alivuaje kanzu yake.

Baada ya mazishi, watu walipotawanyika, Meneja alikwenda kwenye tanuri la mikate kuchukua aproni. Tanuri alikuwa peke yake, amezeeka, nyusi hazijawahi kurudi. Alimpa aproni iliyokunjwa. Kisha, jambo ambalo hakulizoea, akaanza mazungumzo.

"Mwanangu, kuna kitu sikukwambia. Naona ni haki yako. Zile siku za shindano lenu, mama yako alikuwa hajifungui."

"Najua, mzee."

Tanuri akalishusha beleshi.

"Alikuja hapa na ufagio mkononi. Na mwiko. Mimi ndiye niliyekuwa namtia mikono kwenye donge la kwanza mpaka vidole viachie. Tuliapishwa wote tusikwambie."

"Najua. Niliona kikombe."

Yule mzee akamtazama kwa muda mrefu, kama anayepima kama mkate umeiva.

"Basi na yeye alijua kwamba uliona," akasema. "Siku uliyosafiri alikuja kachelewa, na mikono imefunguka. Nikamwuliza, nani kakufungua? Akasema, 'Meneja kanijazia kikombe kitupu, Tanuri. Kaona wizi wangu wote, na hakuniambia nikiweke chini. Kashinda shindano, na bado kaondoka.' Halafu akageukia lile donge, akaanza kukanda. Mabega yanamtikisika. Nilimwacha. Mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka."

Meneja aliivaa aproni ya mama yake juu ya nguo zake nyeusi. Ilimbana mabegani, na mifukoni ilikuwa bado na unga. Mezani palikuwa na donge limefunikwa kitambaa, limeanza kuumuka.

"Vyote viwili, mzee," akasema, akakunja mikono ya gauni. "Leo nani anakanda?"

"Hakuna."

Akafunua kitambaa, akaingiza vidole. Nyuma yake hakumwona Tanuri, lakini alijua bila kugeuka kwamba mgongo wa yule mzee ulikuwa unatikisika.